Saa Yenye Mfuniko wa Kuazima: Ununue au Uache?

Fundi aliigeuza saa kifudifudi, akabandika lenzi jichoni, akasoma namba za mgongoni taratibu: 6119-8083. Chini yake palikuwa na namba nyingine ya tarakimu sita inayoanza na 26. Kijana aliyeileta, mwenyeji wa Tandahimba, alikuwa ameshatumwagia historia yake hata kabla hajakaa kwenye benchi: Seiko 5 ya babu, imenunuliwa mwaka 1972 kwa pesa za korosho, haijawahi kuguswa na mtu. Na zile namba zilimuunga mkono. Kwenye Seiko za zama zile, tarakimu ya kwanza ya namba ya usajili ni mwaka na ya pili ni mwezi. Kwa hiyo 26 ni Juni ya mwaka unaoishia na 2. Zile tarakimu nne za mwanzo, 6119, ni jina la mashine ya ndani, na mashine hiyo ilitengenezwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 mpaka katikati ya miaka ya 1970, basi mwaka huo hauwezi kuwa 1962 wala 1982. Juni 1972. Nikaanza kupapasa pochi.

"Subiri kwanza, bwana mdogo," fundi akaniambia. Akaigeuza saa, akausukuma ndani ule ufunguo wa pembeni kwa ncha ya kidole. Tarehe haikusogea. Akausukuma tena, mpaka mwisho. Kimya. Kisha akauvuta hatua moja, akauzungusha, na tarehe ikaruka: 14, 15, 16. Akauzungusha upande wa pili, siku ikabadilika.

"Huu mfuniko unasema kweli," akasema, "ila ni kweli ya saa nyingine."

Alichokuwa anakipima ni hiki. Kwenye mashine ya 6119 tarehe hubadilishwa kwa kuusukuma ufunguo ndani: nusu kwa tarehe, mpaka mwisho kwa siku ya juma. Ukiona Seiko 5 ya zamani inabadilisha tarehe kwa kuvuta na kuzungusha, hiyo ni mashine nyingine. Alipoufungua ule mfuniko, kwenye bawa linalozunguka paliandikwa 7009A, vito 17 (vijiwe vya kupunguza msuguano ndani ya mashine). Hiyo ni mashine iliyokuja baadaye, katika nusu ya pili ya miaka ya 1970. Si ya kudharauliwa hata kidogo. Ni ngumu, haina makuu, imevumilia jasho la wavuvi na vumbi la mikoroshoni miaka na miaka. Lakini si ya 1972, na mfuniko uliokuwa mgongoni mwake haukuwa wake.

Sasa, hapo mnunuzi anafanya nini? Wengi tuna majibu mawili tu, na yote mawili ni ya haraka mno. La kwanza: "Feki hiyo, rudisha." La pili: "Kwani kuna nini, si inatembea?" Saa ya zamani yenye spea zisizo zake haimaliziki kwa majibu hayo. Inabidi ujue ni kitu gani hasa si chake, kiliingiaje, kinaweza kutolewa, na bei uliyotajiwa ni ya saa ipi: iliyo mezani au ile inayosimuliwa.

Nianze na kiliingiaje, maana huku kwetu jambo hilo lina historia yake. Pwani ya Mtwara na Lindi ni ya chumvi na unyevu. Mpira wa kuzuia maji ukikauka, hewa ya bahari huingia ndani ya saa na kuanza kula chuma: kwanza kijiti cha ufunguo, halafu mfuniko kwa ndani, halafu uso unatoka madoa kama ukoma. Na spea zilikuwa mbali. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, Mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko, na mvua zikichachamaa kusini tulikuwa kama kisiwa. Fundi saa wa Newala au Nachingwea hakuwa na pa kuagiza mshale wa sekunde. Alikuwa na kopo. Ndani ya kopo mlikuwa na maiti za saa, na kutoka kwenye saa tatu zilizokufa alifufua moja. Hakumdanganya mtu; mteja alitaka kujua saa ngapi aende mnadani, akapewa saa inayomwambia saa ngapi.

Hiyo ni tofauti kabisa na saa iliyokusanywa ili iuzwe. Kwenye karakana za India, hasa Mumbai, kuna kazi kubwa ya kuchukua saa kuukuu, kupaka uso upya, kung'arisha bodi, na kuiuza nje kupitia mtandaoni kama saa ya kale iliyotunzwa. HMT, kiwanda cha serikali ya India kilichoanza kutengeneza saa Bangalore mwaka 1961 kwa ushirikiano na Citizen, kimefungwa tangu 2016, lakini ukitafuta leo utaletewa HMT "mpya" za kila rangi: chungwa linalowaka, kijani cha parachichi, buluu ya kanga. Nyingi ya hizo zimepakwa juzi. Ndani yake kuna mashine nzuri tu ya kutia ufunguo, na ukiipenda kwa bei ya saa iliyopakwa rangi, sina ugomvi na wewe.

Nimejifunza kuzitenganisha aina hizi mbili kwa kuangalia uchakavu. Saa iliyofufuliwa ili ivaliwe ina uchakavu usiolingana: mshale mmoja mpya kuliko mwingine, skrubu iliyokwaruzwa na bisibisi mbaya, mfuniko wenye alama za kufunguliwa na kisu. Saa iliyokusanywa ili iuzwe huwa haina uchakavu popote pale mtu anapotazama kwanza, na ina uchafu wote kule ambako hatazami. Uso unang'aa, kioo kipya, bodi kama kioo, ukifungua, kutu.

Wala usidhani kudanganywa ni kwa wasiojua. Novemba 2021, mjini Geneva, Omega Speedmaster ya mwaka 1957 iliuzwa mnadani kwa zaidi ya faranga milioni 3 za Uswisi. Aliyeinunua alikuwa Omega mwenyewe, kwa ajili ya makumbusho yake. Mwaka 2023 kampuni hiyohiyo ikatangaza kwamba saa ile ilikuwa ya viraka: sehemu zake nyingi ni za Omega kweli, lakini zimekusanywa kutoka saa mbalimbali, na ikasema waliokuwa wafanyakazi wake walihusika. Mwenye kiwanda aliuziwa saa ya kiwanda chake, akashindwa kuigundua. Kilichouzwa pale kwa mamilioni hayakuwa vyuma, ilikuwa ile habari kwamba vyuma hivyo vilizaliwa pamoja.

Watu wa Lindi wana mfano mkubwa zaidi wa jambo hili, wa kimo cha mita 13 hivi. Mifupa ya mjusi mkubwa wa kale, dinosaria, wa Tendaguru ilichimbwa na Wajerumani kati ya mwaka 1909 na 1913, ikabebwa na wapagazi mpaka bandari ya Lindi, na mwaka 1937 mnyama akasimamishwa Berlin. Yule aliyesimama pale si mnyama mmoja. Mifupa ya mmoja imejaziwa na ya wengine wa aina yake, na palipokosekana pametengenezwa mfano. Makumbusho hayafichi hilo, na hakuna anayesema ni feki. (Kwamba anapaswa kurudi nyumbani au la, huo ni mjadala mwingine, na mimi upande wangu ninaujua.) Kiraka kinachotangazwa kina heshima yake. Saa nayo ni hivyohivyo, ila wauzaji wa saa hawana desturi ya kubandika kibao.

Turudi mezani. Sehemu za saa hazina uzito sawa, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu mnunuzi hukasirishwa na kitu cha elfu tano na kusamehe kitu kisichorekebishika.

Kioo, mpira wa kuzuia maji, kamani (springi inayoiendesha saa), mkanda: visahau. Hivi vilitengenezwa vikijua vitabadilishwa. Saa ya miaka hamsini yenye kamani ya tangu kiwandani hainifurahishi, inanitia wasiwasi kwamba haijafunguliwa wala kutiwa mafuta. Ufunguo wa pembeni nao huisha kwa kushikwashikwa. Ukiwa si wake ni aibu ndogo, hasa kwenye saa za Uswisi ambazo huwa na nembo juu yake, lakini hupatikana. Cheni ya chuma isiyo yake iulize bei yake tu, maana cheni sahihi ya Seiko ya miaka ile inaweza kukugharimu karibu sawa na saa.

Mishale inataka jicho zaidi. Mshale wa dakika unatakiwa ufike kwenye alama za dakika. Ukiishia njiani au ukizipita, umetoka kwenye saa nyingine. Mshale mfupi unatakiwa uguse mwanzo wa vijiti vya saa au ukaribie. Halafu tazama ile rangi ya kung'aa gizani. Kama usoni haipo kabisa na mishaleni ipo, mmojawapo ni mgeni. Kama ipo kote lakini ya usoni imekuwa ya kahawia kama chai ya maziwa na ya mishaleni ni nyeupe pee, hazikuzeeka pamoja. Kwenye saa ya yule kijana, mshale wa saa na wa dakika ulikuwa sawa, ila wa sekunde ulikuwa na ncha nyekundu isiyofanana na chochote kingine usoni. Fundi alicheka: "Huyu ametoka kwa mwanamichezo."

Rangi hiyo ya kung'aa ni shahidi mzuri, kwa hiyo niikalie kidogo. Saa nyingi za kabla ya miaka ya 1960 zilipakwa radiamu. Baadaye ikaja tritiamu, ndiyo maana kwenye saa za Uswisi utaona herufi T pande mbili za maneno ya chini, T Swiss Made T. Tritiamu hupungua nusu kila baada ya miaka 12 na miezi kadhaa. Piga hesabu: saa ya miaka hamsini imebakiza kama asilimia 6 tu ya nguvu yake. Kwa hiyo muuzaji akizima taa na uso wenye T mbili ukawaka kama taa ya bodaboda, rangi hiyo si ya zamani. Imepakwa upya. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watengenezaji waliachana na tritiamu wakahamia kwenye rangi zisizo na mionzi, na hapo ndipo linapotokea jambo linalowachanganya watu. Saa ya 1970 iliyopelekwa kwa mtengenezaji mwaka 2000 ingeweza kurudishwa na uso mpya kabisa, halali, wa kiwandani, unaowaka vizuri. Ni spea orijino na bado si sahihi kwa umri wa saa. Kwa mvaaji ni neema. Kwa mkusanyaji ni upungufu, na bei hushuka. Neno "orijino" peke yake, kwa hiyo, halikuambii kitu. Uliza orijino ya lini.

Na radiamu: hiyo haipungui katika maisha yetu, inahitaji miaka 1,600 kufika nusu. Kinachokufa ni ile kemikali inayowaka, mionzi inabaki. Nimeona mafundi wakikwangua uso wa zamani kwa kisu na kupuliza unga kwa mdomo, juu ya meza ileile yenye kikombe cha chai na maandazi. Kama saa ni ya zama hizo na ina rangi hiyo, usiikwangue, usiipulize. Iache kama ilivyo.

Uso wenyewe ndio moyo wa bei. Ukiuliza kwa nini saa mbili zinazofanana zinatofautiana bei mara tatu, jibu mara nyingi liko usoni. Uso uliopakwa upya haurudi. Unaweza kupata mwingine, naam, lakini ule umekwenda. Dalili zake zinaonekana kwa lenzi ya kawaida, na hata kwa kamera ya simu ukiisogeza: herufi zenye unene usiolingana, alama za dakika ambazo haziangukii sawasawa kwenye vijiti vya saa, rangi iliyomwagikia kingo za dirisha la tarehe, nembo iliyopinda kidogo kama iliyochorwa kwenye basi. Kwenye Seiko kuna kipimo kingine. Chini kabisa ya uso, karibu na namba sita, pana maandishi madogo kama mayai ya chawa, na ndani yake namba inayoanza na tarakimu nne za mashine. Uso wa 7009 uandikwe 7009. Tarakimu nne zinazofuata si lazima zilingane na za mfuniko, na hapa wanunuzi wengi waliosoma nusu huleta fujo bure. Wapaka rangi mara nyingi hawahangaiki na maandishi hayo, au huyaandika vibaya.

Tazama pia maneno ya maji. Takriban mwaka 1970 Seiko waliacha kuandika kwamba saa haiingizi maji kabisa, "Waterproof", wakaanza kusema inastahimili, "Water Resist". Mfuniko wenye neno la zamani kwenye saa inayodaiwa kuwa ya 1978 unahitaji maelezo. Lakini siku za juma zilizoandikwa Kiingereza na Kiarabu si kosa. Seiko ilitengeneza visahani vya siku vya lugha mbili kwa masoko tofauti, na huku pwani, ambako watu wana ndugu Muscat na Dubai, saa inayosema Ijumaa kwa Kiarabu ina kila sababu ya kuwa ilivyo. Nimewahi kusikia mtu akiikataa saa safi kwa sababu hiyo. Mwenzake aliyekuwa nyuma akaichukua.

Bodi iliyopigwa polishi kupita kiasi ni ya daraja moja na uso uliopakwa: chuma kikishaondoka hakirudi. Kingo zilizokuwa kali zinakuwa mviringo kama sabuni iliyotumika. Mimi napenda mikwaruzo. Mikwaruzo ni ya mwenyewe.

Mfuniko uko mahali pa ajabu katika mpangilio huu. Ni rahisi kuubadilisha kuliko karibu kitu kingine chochote, uzi wake wa kuskrubia huingiliana na wa saa nyingi za kampuni ileile, na bado ndio unaobeba jina na tarehe ya saa. Ndiyo maana picha ya mfuniko kwa nje pekee ni ushahidi dhaifu. Ukinunua kwa WhatsApp, omba picha ya uso kwa karibu, ya upande wa ufunguo, ya mfuniko nje na ndani, na ya mashine ikiwa wazi. Mwambie aisimamishe mishale kwenye saa nne na dakika kumi, mkao uleule wa saa za kwenye matangazo, isifiche nembo wala dirisha la tarehe wala yale maandishi ya chini. Na omba video fupi akibadilisha tarehe. Nimeshaeleza kwa nini. Muuzaji anayesema hana wa kumfungulia labda ni mkweli, lakini bei yake basi iwe ya saa isiyofunguliwa.

Kipo kiraka kimoja ambacho mimi binafsi nakikimbia: mashine ya aina moja kulazimishwa kwenye uso wa aina nyingine. Uso una vijimguu viwili vidogo kwa nyuma vinavyoingia kwenye mashine, na mahali pake hutofautiana. Fundi mwenye haraka huvikata, akaubandika uso kwa gundi. Utajua kwa tarehe: haikai katikati ya dirisha lake, imeegemea juu au pembeni kama mtu anayechungulia. Hapo uso umeharibiwa, mashine nayo si yake, na siku gundi ikiachia, uso unazunguka na mishale.

Halafu hesabu. Kijana alitaka shilingi 200,000. Kwa 6119 safi ya 1972 nisingebisha. Lakini ile ilikuwa bei ya saa ambayo haikuwepo. Iliyokuwepo ni 7009, uso wake halisi wenye namba sahihi, bodi haijapigwa polishi, mashine inatembea ila imekauka mafuta. Mfuniko si wake na mshale wa sekunde si wake. Nikachukua bei ambayo mimi ningetoa kwa 7009 iliyokamilika, 120,000. Nikatoa 40,000 za sevisi, maana sevisi italipwa tu, ukiipenda usiipende. Nikatoa 20,000 za kununua saa mbovu ya aina ileile ili niitoe viungo, ambayo ndiyo njia ya kawaida ya kupata spea za mashine zisizotengenezwa tena. Ikabaki 60,000.

Kuna mtu atauliza: kwani lazima utafute mfuniko sahihi? Hapana. Kama unaivaa uende nayo kazini na hutaiuza, mfuniko wa 6119 unafunika sawasawa. Ila mimi hujiuliza swali moja kabla ya kulipa: siku nikiiuza, na mnunuzi akaniuliza kila kitu, nami nikamjibu kila kitu bila kuficha, je, atanipa hii pesa ninayoitoa leo? Kama jibu ni ndiyo, viraka haviniumizi kichwa. Kama itanibidi ninyamaze mahali fulani ili pesa irudi, basi ninanunua deni, na atakayelilipa ni mtu mwingine.

Kijana hakufurahi na 60,000 yangu. Na hakuwa tapeli, jambo hilo lilionekana usoni pake alipoona 7009A kwa macho yake. Akatoa simu, akampigia shangazi yake Tandahimba, akaweka sauti kubwa tusikie wote.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mmeshauza?"

Akamweleza. Upande wa pili pakawa kimya kidogo, halafu kicheko. "Hiyo ya cheni si ya babu yako! Hiyo ya baba yako. Ya babu yako ilikuwa ya mkanda wa ngozi, ikaingia maji, ikafa. Ya baba yako mgongo ulikuwa umeliwa na kutu, fundi wa Newala akautoa wa babu akamwekea. Nani amewaambia ni ya babu?"

Fundi akauokota ule mfuniko mezani, akaugeuza, akampa kijana. Kijana akauangalia muda mrefu, kwa ndani na kwa nje, kama mtu anayesoma namba kwa mara ya kwanza. Akauliza kama mimi nauhitaji. Nikamwambia kwa kweli siuhitaji, na kwamba yeye ana haja nao kuliko saa hii.

Fundi akavuta kopo la maziwa ya unga chini ya meza, akamimina mifuniko ya saa juu ya gazeti, chakachaka, akaanza kuichambua kwa kibano. Ulipatikana mmoja wa 7009. Tarakimu nne za nyuma si za bodi ile, lakini uzi ulishika vizuri na hauna kutu. Akatia mpira mpya, akafunga. Tukaafikiana 70,000, na fundi akachukua yake pembeni.

Kijana aliufunga mfuniko wa 6119-8083 ndani ya noti ya elfu kumi, akautia mfuko wa shati na kufunga kishikizo. Mimi niliomba kalamu. Nikaandika kwenye kipande cha karatasi ya daftari: Seiko 7009A, uso wake, bodi yake. Mfuniko na mshale wa sekunde si vyake. Nikaikunja, nikaiweka kwenye kiboksi, na saa juu yake.